Ngitili Iliyoandikwa Sifuri

Sogeeni, na mwenye haraka aondoke sasa, maana kesi hii ikishaingia kichwani haitoki. Mimi nimeibeba miaka na bado sijaitua. Humu hamna sungura wala fisi. Mna watu watatu wema waliofanya jambo moja jema, na mna mwanamume mmoja mwenye kalamu asiye na raha.

Mwanamume huyo ni Luhende, mwenyekiti wa kijiji cha Mwagimila, kule Usukumani upande wa mbuga, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu masika na kupasuka kiangazi. Mtu mwema, Luhende. Anapenda kuongea kuliko inavyofaa, lakini mwema. Na katika kijiji chake walikuwamo watatu ambao Mungu aliwapa na kuwaongezea.

Wa kwanza ni bibi mjane mwenye ng'ombe mmoja, aliyeitwa na wote Mayu Mbuke, yaani Mama Mbuke, kwa heshima. Kipaji chake kilikuwa ulimini. Ukimpa maziwa anaonja kidogo, anafumba macho, kisha anakuambia ng'ombe huyo jana amekula mabua ya mtama, akanywa maji ya lambo la chini, na ulimkamua kwa pupa. Watu waliokuwa wakiongeza maji kwenye maziwa ya kuuza walikuwa wakipita mbali na nyumba yake.

Wa pili ni Maduhu, mchungaji wa miaka sitini na kitu, asiyejua a wala be. Lakini yeye hasahau ng'ombe. Umtajie mwaka wowote, atakutajia ng'ombe waliokuwapo, rangi zao, pembe zao, mama zao, na aliyekufa alifia wapi. Vijana walipenda kumchokoza: "Baba Maduhu, mahari ya mama yangu ilikuwaje?" Naye angejibu, "Ng'ombe kumi na wawili, na mmoja alikuwa kipofu wa jicho la kushoto. Babu yako alimsimamisha upande wa ukutani lisionekane." Nyumba ngapi ziligombana kwa sababu ya kumbukumbu ya mzee yule, sina hesabu.

Wa tatu ni Kashinje, binti wa miaka ishirini na minne aliyeishia kidato cha nne. Yeye kipaji chake kilikuwa kuhamisha maneno. Ukimpa neno la nyumbani analifikisha ofisini likiwa zima, wala hakuna kilichomwagika njiani. Na barua ya ofisini, ile inayokutoa jasho kabla hujafika mstari wa tatu, anakusomea ukaielewa kama umeambiwa na shangazi yako.

Sasa, ili msipotee, lazima niwaambie ngitili ni nini. Mvua zikianza, Wasukuma hutenga eneo la malisho na kulifunga. Haingii ng'ombe, haingii mbuzi, hakatwi hata unyasi wa kuezekea. Nyasi zinakua, zinakaa, zinasubiri. Kiangazi kikikaza, mbuga yote ikiwa vumbi, ngitili inafunguliwa na mifugo inavuka nayo mpaka mvua nyingine. Ngitili ya Mwagimila ilikuwa kubwa, ya kijiji kizima. Ilikuwa uhai wao, basi.

Kando ya ngitili hiyo ikaja kampuni ya kutafuta mafuta. Ikasimamisha mtambo, ikachoronga ardhi, na tope lililotoka chini, lililochanganywa na dawa zao, likawekwa kwenye shimo kubwa lililotandikwa nailoni. Mwezi wa tatu mvua ikapiga siku nne mfululizo. Shimo likajaa, likafurika, na tope likatambaa mpaka ndani ya ngitili. Lilipokauka liliacha ukoko mweupe chini ya nyasi, ambao mtu wa mbugani angedhani ni magadi tu. Nyasi zenyewe zilibaki kijani, zimefika kiunoni, nzuri za kupigia picha.

Kampuni haikukana. Ilimleta mthamini, kijana mpole mwenye kofia pana na kishikwambi mkononi, aandike kila kilichoharibika. Luhende akamtembeza.

"Mwenyekiti, eneo hili mwaka huu mmelima nini?"

"Hatujalima."

"Mmechunga?"

"Hapa?" Luhende akatunisha kifua. "Thubutu! Tangu mvua ya kwanza hajatia kwato hata mbuzi."

"Kuni? Asali? Majani ya kuezekea?"

"Hakuna kilichotoka humu, kijana wangu. Hata unyasi mmoja. Sisi watu wa Mwagimila tuna nidhamu."

Kijana akaandika yote kama alivyoambiwa. Luhende akamsindikiza mpaka kwenye gari na kumpa jogoo. Kamati ya kijiji, watu saba, ikatia saini bila kusoma, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ametabasamu.

Baada ya wiki mbili majibu yakasomwa. Mipapai mitatu ya jirani yake Luhende ilikuwa na fidia. Choo cha shule kilichopasuka kilikuwa na fidia. Ngitili iliandikwa hivi: eneo lisilotumika, madhara hayana thamani, fidia sifuri. Mwenye pingamizi alete ndani ya siku thelathini.

Luhende aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Aliyejibu ni yeye, na alijibu ukweli mtupu, kwa fahari, na ukweli ule ndio ulioifuta ngitili. Alikaa siku tatu hazungumzi, na mkewe akadhani anaumwa, maana Luhende kunyamaza si jambo la kawaida.

Siku ya nne asubuhi, Mayu Mbuke alibisha hodi akiwa na kibuyu cha maziwa.

"Karibu, mayu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Nimekuja kujishtaki," akasema. "Jana ng'ombe wangu alikata kamba, akaingia ngitili. Alishinda humo kutwa. Hakuna aliyemwona ila mimi."

Luhende akashika kichwa. Sheria ya ngitili ni moja kwa wote: mnyama wako akiingia kabla ya kufunguliwa unatoa mbuzi, na jina lako linatajwa mbele ya dagashida, ule mkutano wetu wa kimila wa kijiji kizima. Mayu Mbuke hakuwa na mbuzi wa kutoa. Na katika umri wake wote jina lake halikuwahi kutajwa kwa ubaya mahali popote.

"Mayu, sasa ungenyamaza tu. Kama hakuna aliyeona..."

"Onja."

Luhende akaonja. "Maziwa," akasema.

"Wewe ungejua nini! Humu mna chumvi, na si chumvi ya udongo wetu. Nyuma ya chumvi kuna kitu kinachobaki ulimini kama umelamba kopo la mafuta ya taa. Ile ngitili imekufa, Luhende. Imesimama tu. Siku utakapoifungua utaua ng'ombe wa kijiji kizima."

Alisema hayo mbele ya dagashida pia, akasomewa kosa lake, akaazima mbuzi kwa mdogo wake akalipa. Wengine walimcheka: bibi anatafuta pa kuficha kosa. Wiki hiyo hiyo ndama wake aliyekuwa akinyonya akaanza kuhara, na siku ya sita akafa. Mayu Mbuke akalia sana, na hapo waliocheka wakanyamaza. Kijiji kikajua kina janga, si ubishi tu. Bila ulimi ule, mwezi wa tisa wangefungua ngitili na kuingiza mifugo yote kwa mikono yao wenyewe.

Luhende akaenda na wenzake ofisi ya kata kukutana na mtu wa kampuni, bwana mmoja mkubwa, mtaratibu, aliyewakaribisha soda. Akawasikiliza vizuri, akakubali udongo upimwe, ukapimwa, na Mayu Mbuke akaonekana amesema kweli. Wakakutana tena palepale, Luhende akidhani wameshinda.

"Sawa," yule bwana akasema. "Nyasi zina chumvi. Lakini ndugu zangu, nyasi ni nyasi. Mvua ijayo zitaota nyingine. Niambieni mmepoteza nini, niandike."

Ungejibuje? Walijua wamepoteza kila kitu, lakini kila kitu hakiandikiki.

Ndipo Maduhu alipoinuka, kofia mkononi.

"Bwana, mimi nimeona viangazi vinne vibaya," akasema. "Nitakutajia."

Akaanza. Kiangazi cha kwanza, ngitili ilifunguliwa kwa wakati wake. Akataja waliokufa: jike la kijivu la Nyanda, fahali mzee wa mjomba wake, ndama wawili wa mapacha. Akamaliza vidole vya mkono mmoja. Cha pili, vivyo hivyo, vidole vya mikono miwili. Cha nne, vidole saba. Kila mnyama na rangi yake na alipoangukia. Waliokuwapo wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, yule wa pembe iliyovunjika, alikuwa wetu.

"Umeruka cha tatu," yule bwana akasema. Alikuwa msikivu, tusimwonee.

"Sijaruka. Nimekiweka mwisho kwa kuwa ni kirefu."

Akakitaja. Alitaja tangu saa ya chai ya asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Nyumba kwa nyumba, zizi kwa zizi, ng'ombe mia mbili na kumi na mmoja. Wazee wawili walitoka nje, hawakuweza kusikiliza. Luhende alisikia wakitajwa ng'ombe wa baba yake mwenyewe, aliokuwa akiwachunga akiwa mdogo, akajikuta anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Mwaka huo ngitili ilifunguliwa kabla ya wakati, miezi miwili. Ilipofika mwezi wa kumi haikuwa na kitu. Bwana, tofauti ya mwaka huo na hiyo mingine ndiyo tuliyopoteza. Andika hiyo."

"Nani aliifungua mapema?"

Maduhu akaizungusha kofia mikononi. Kijijini walikuwa wakisema siku zote kwamba walioifungua ni wapita njia, watu wa mbali waliovunja uzio na kuondoka. Miaka arobaini walisema hivyo.

"Baba yangu," akasema. "Ndiye aliyekuwa mlinzi. Ng'ombe wake walikuwa wakilia kwa njaa, akashindwa. Mimi ndiye niliyewaswaga kuingia."

Tangu siku hiyo watu walisalimiana na Maduhu kwa kuangalia pembeni. Lakini yule bwana wa kampuni alikuwa ameandika kurasa kumi na moja, na hakusema tena nyasi ni nyasi. Bila kumbukumbu ile, ngitili ingekuwa na ugonjwa lakini isingekuwa na thamani.

Yule bwana akasema jambo jingine, kwa masikitiko kabisa. "Nawaelewa. Ila fomu yangu ina nafasi ya mazao, miti, majengo na makaburi. Haina nafasi ya nyasi ambazo siku ya tathmini hazikuwa zikiliwa na mtu wala mnyama. Nikiandika, makao makuu watafuta."

Aliyekuwa akikusanya chupa za soda akasimama. Alikuwa Kashinje. Alikuwa mpishi kule kambini kwa kampuni, na siku hiyo alikuja kuhudumia kikao, amevaa aproni yao yenye nembo. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wake.

"Samahani, bosi. Stoo yetu ya chakula pale kambini ina kufuli. Sasa hivi hakuna anayekula mle ndani."

"Ndiyo."

"Mkiandika mali ya kampuni, mnaiandika chumba kisichotumika?"

Watu wakacheka, na bwana mwenyewe akacheka kidogo.

"Ngitili ni stoo," Kashinje akasema. "Waliifunga ili iwepo. Kijana wenu aliuliza kama kuna aliyekula, wakajibu hapana. Hakuuliza imewekewa nani."

Hakuishia kwenye maneno matamu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za pingamizi, na siku zote hizo, akitoka jikoni, alikaa na Mayu Mbuke na Maduhu, akaandika ya ulimi na ya kumbukumbu kwa lugha ambayo ofisi haina njia ya kuikwepa. Hakuuliza bei ya nyasi. Aliuliza: mifugo hii, kwa miezi hii, ikiletewa malisho kwa malori kama yale yanayoleta chakula kambini, yanatakiwa malori mangapi, kila kiangazi, mpaka udongo upone? Siku ya ishirini na tisa barua ikapokelewa. Siku ya thelathini, mlinzi wa geti la kambi alimwambia Kashinje jina lake halimo tena kwenye orodha. Bila barua ile, ulimi na kumbukumbu vingebaki hadithi za wazee.

Baraza la rufaa likakaa, na mwezi wa tisa likatoa uamuzi. Mwagimila wakapiga vigelegele. Kampuni iondoe udongo mbovu, ipande nyasi upya, na kila kiangazi ilete malori ya malisho mpaka ngitili itakapopona.

Lakini nani atasema imepona? Hapo ndipo penye kesi yetu. Uamuzi ulitaka jina moja la mwanakijiji. Huyo ndiye atakayetia saini siku moja kwamba ardhi imepona, na akitia saini malori yanakoma na kampuni inakwenda zake. Kwa mila ya kijiji, huyo huyo ndiye atakayefungua ngitili, na ng'ombe wake ndio watakaoingia kwanza. Heshima hiyo haipewi mtu mara mbili. Msiniambie waandikwe wote watatu. Luhende aliomba hivyo, akakumbushwa kwamba ile sifuri ilitiwa saini na kamati ya watu saba, na hata mmoja hakuisoma. Na malori ya kwanza yalikuwa yamekwisha kupakiwa mjini, yanasubiri jina. Ng'ombe wa Mwagimila wakati huo ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani.

Ijumaa dagashida ikakaa. Karatasi mbele ya Luhende, ofisa wa baraza pembeni yake. Hakuna aliyegombea kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtesa. Angepata mchoyo mmoja kati yao angepumua.

"Ukiniandika mimi, nitaonja maziwa kila mwaka," Mayu Mbuke akasema. "Ukiandika mwingine nitaonja vilevile. Lakini atanisikiliza? Mlishanicheka mara moja."

"Amezeeka," mtu akanong'ona. "Na ng'ombe wake alivunja sheria. Akifa kabla ya ardhi kupona, je?"

"Mimi," Maduhu akasema, "ndiye mtu pekee hapa anayejua ng'ombe wenye njaa wanavyomshinda mtu mwema. Nimeona. Sitaifungua mapema hata wangu wakifa wote mbele yangu."

"Baba yake naye alikuwa mwema," mwingine akasema, wala hakunong'ona.

"Siku watakapoleta karatasi ya kusema pamepona," Kashinje akasema, "haitasema hivyo kwa Kiswahili cha nyumbani. Itazunguka. Na mtakuwa mmechoka, na mwenyekiti atatabasamu." Luhende akainamisha kichwa. "Nitaisoma mpaka mwisho."

"Alikula mshahara wao," wakasema. "Na kijana kama huyu ataolewa, ataondoka. Hana hata mbuzi. Ng'ombe gani wataingia kwanza?"

Luhende akaijaribu kalamu pembeni ya karatasi. Nitawaambia na hili, maana sikuja kumpamba: kwa dakika nzima alifikiria kuandika jina lake mwenyewe. Alitamani kuwa yeye wa kusema imepona, baada ya kuwa yeye aliyesema haijatumika. Aliona haya, akaliacha wazo hilo. Akawatazama wale watatu wamekaa benchi moja. Bibi aliyetoa ndama na jina lake. Mzee aliyemtoa baba yake. Binti aliyetoa mkate wa mdogo wake. Aliwapenda wote, na alikuwa na deni nao wote, na nafasi kwenye karatasi ilikuwa fupi, ya jina moja.

"Mwenyekiti," ofisa akasema kwa upole, "madereva wanapiga simu."

Haya. Mimi nimefika ninapofika kila mara, na kalamu sasa naihamishia kwako wewe uliyekaa kimya muda wote. Ng'ombe wanasubiri. Ungeandika jina la nani? Na ukishaandika, inua uso uwatazame wale wawili waliobaki kwenye benchi: ungewaambia nini?